Kitanda cha Chini cha Osang

Kosa la Meding Palabrica lilikuwa la robo saa tu. Alitoka matangani kwa Osang, mwenzake wa kazi, akaingia garini, akaenda moja kwa moja uwanja wa ndege wa Iloilo bila kupitia popote.

Kwao hata mlevi hafanyi hivyo. Ukitoka nyumba yenye maiti huendi kwako wala huanzi safari kabla ya kupitia mahali pa katikati. Kibanda cha mikate, duka la soda, hata kituo cha mafuta, mradi uketi, utie kitu mdomoni, ujikung'ute nguo, uondoke. Marehemu akiwa amekufuata atazubaa hapo, mwisho atachoka na kurudi kwao. Usipopitia popote, umembeba.

Meding aliyajua hayo tangu hajaota meno. Lakini shemeji yake aliyemwendesha ni mtu wa kusimama kila penye mtu anayemjua, na anawajua wote. Meding akamwambia, "Leo usisimame hata kwa askofu. Nikikosa ndege, wakala atampa mwingine nafasi yangu kabla sijamaliza kulia." Shemeji hakusimama. Siku moja katika maisha yake alisikia alichoambiwa, ikawa siku hiyo.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya kusafisha vyumba kwenye meli ya kitalii, safari ya kuzunguka dunia, siku mia na ishirini. Meding alikuwa na miaka hamsini na mmoja na magoti ya mwanamke wa sabini, na hii ilikuwa safari yake ya mwisho. Kwa miaka ishirini na miwili alilala chumba kimoja na Osang: Osang kitanda cha chini, yeye cha juu. Osang ndiye aliyemfundisha kukunja kona ya shuka kama bahasha, kisha kuibonyeza kwa kidole gumba ibaki na kibonyeo kidogo. "Hiyo ni sahihi yangu," Osang alikuwa akisema. "Wengine wana kalamu."

Mwaka uliopita mkono wa Osang ulianza kutetemeka. Mtu mmoja akamnong'oneza msimamizi. Osang akapelekwa kupimwa, akarudishwa nyumbani, akakaa miezi minane akiangalia ukuta, akafa. Aliyenong'ona ni Meding. Hakuna aliyejua.

Huko Manila, kwenye foleni ya pasipoti, alikutana na Pito, mwoka mikate wa meli hiyohiyo, mzee wa Iloilo mwenye mdomo mrefu kuliko mikate yake.

"Inday," akamwita, kama kwao mzee anavyomwita binti, "macho yamekuvimba. Umetoka wapi?"

"Kumlilia Manang Osang," akajibu, kwa neno lao la kumheshimu dada mkubwa.

"Ukapitia wapi?"

Meding akajifanya anatafuta kitabu chake cha ubaharia.

"Inday. Ulipitia wapi?"

"Nimepitia hapa. Uwanja wa ndege si mahali?"

"Uliketi? Ulikula?"

"Sikuwa na njaa, Nong," akasema, kama anayemwita kaka mkubwa.

"Basi umekuja naye," alisema Pito, kama anayesema umekuja na mwavuli. "Foleni haihesabiki. Kwenye foleni marehemu naye anasimama, anadhani anasafiri."

Meding alicheka. Kicheko kilimtoka peke yake, yeye hakuwemo. Ndani ya ndege, safari ya saa kumi na tano, kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu katika ndege iliyojaa mpaka vyooni. Mhudumu alipopita na chakula aliweka trei mbili. Huenda alichoka. Meding hakumuuliza. Alikula yake na ile nyingine hakuigusa, wala hakuruhusu iondolewe mpaka vyakula vyote viondolewe.

Southampton kulikuwa na baridi ya kukata masikio na mvua isiyoamua. Mabaharia waliwekwa hoteli karibu na bandari, wawili wawili, kusubiri meli. Dada wa mapokezi alisoma karatasi yake.

"Palabrica. Na Tubongbanua, Consorcia. Yuko wapi mwenzako?"

Consorcia Tubongbanua ndilo jina la Osang lote. Ofisini waliinakili orodha ya mwaka jana bila kuiangalia, kama kawaida ya watu wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka. Meding alikuwa na jibu fupi na rahisi: amefariki. Akafungua mdomo.

"Atakuja," akasema.

Akapewa funguo mbili.

Asubuhi ya kwanza alitoka kuoga akakuta kitanda cha pili, ambacho hakuna aliyekilalia, kona yake imekunjwa kama bahasha, na katikati pana kibonyeo cha kidole gumba. Alikaa akakitazama mpaka nywele zikamkauka. Akajiambia ni yeye mwenyewe. Mikono yake ikiona shuka haisubiri ruhusa, ndivyo alivyofundishwa. Hilo lingeweza kuwa kweli. Tatizo ni kwamba hakukumbuka kukaribia kitanda kile.

Wakati wa chai alimkuta Pito akiulalamikia mkate wa hoteli kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Meli imezuiwa na upepo," Pito akamwambia. "Tunapanda kesho saa nne. Una leo tu, Inday. Kwenye meli hakuna mahali pa kupitia. Ukipanda naye, ni siku mia na ishirini."

"Najua kuhesabu."

"Unajua kuhesabu, hujui kuketi ukanywa soda robo saa."

"Nong, utanisindikiza au utanihubiria?"

"Vyote. Vaa koti."

Waliingia kibanda cha samaki wa kukaanga karibu na geti la bandari, saa sita mchana, madirisha yamejaa mvuke. Pito akaagiza. Meding akatia mkono mfuko wa koti kutafuta leso, akatoa kiganja kimejaa mbegu za tikiti, zile za kutafuna matangani wakati watu wanacheza karata kando ya jeneza.

Pito akafanya ishara ya msalaba kwa mkono ulioshika kiazi. "Cha matangani hakibebwi. Mama yako hakukufundisha? Wewe umemchukua, na ukamfungashia chakula cha njiani."

"Sikujua zimo."

"Ziache hapo mezani. Kula, jikung'ute, tutoke. Usigeuke nyuma."

Meding akamimina mbegu mezani. Akala samaki mmoja, ambaye hakuwa na ladha yoyote. Akasimama, akakung'uta sketi, akakung'uta mikono ya koti. Akafika mlangoni, akaufungua nusu, akasimama hapo.

Nje mvua ilikuwa inapita upande upande, na watu walipita wameinamisha vichwa, kila mtu na lake. Osang hakuwahi kushuka bandari ya ugenini peke yake hata siku moja. Mwanamke aliyekuwa akiwafokea wanaume wa jikoni mpaka wanaomba radhi, akishuka ngazi za meli alishika mkanda wa begi la Meding na kufuata kama mtoto, kwa sababu mabango hakuyaelewa na barabara zote zilimwendea kinyume. Na baridi ilimuuma mifupa. Alijipaka mafuta ya kuchua ya minti mpaka chumba kizima kikawasha macho.

Sasa aketishwe hapa, peke yake, na mbegu za tikiti. Ajue vipi njia ya Iloilo?

"Toka, Inday," Pito alimnong'oneza nyuma yake. "Unaingiza baridi."

Meding akarudi mezani, akaketi. Akaanza kuokota mbegu moja moja, akizirudisha mfukoni.

"Nong, ni mimi niliyemwambia msimamizi kuhusu ule mkono."

Pito akamfuata, akaketi tena mbele ya sahani yake.

"Mkono ulikuwa unatetemeka kweli?" akauliza.

"Kweli."

"Angeweza kumwagia mtu maji ya moto. Ulisema kweli."

"Nilisema kweli kwa sababu nilizitaka kazi zake. Vyumba vyenye baraza. Watu wazuri, zawadi nzuri, ngazi chache." Akaokota mbegu nyingine. "Na magoti yangu yalitaka kitanda cha chini. Nikapewa vyote. Kabla sijaondoka nilimshika mkono matangani. Ulikuwa umetulia kabisa, Nong. Haukutetemeka hata kidogo."

Pito alisogeza sahani yake pembeni, akainama kumsaidia kuokota. Mbegu mbili zilikuwa zimeanguka chini ya meza, akapiga magoti akazitoa.

"Mimi siye wa kuambiwa hayo," akasema alipoinuka, na hakufanya mzaha wowote mpaka hotelini.

Kesho yake saa nne foleni ya mabaharia ilikuwa imefika barabarani. Meding alikuwa na bahasha yake ya vyeti mkononi na begi begani. Alipokanyaga ubao wa kuingilia melini alisimama, wa nyuma wakaanza kunung'unika, naye akasema kwa Kiilonggo, lugha ya kwao, kwa sauti ya kawaida kama anayeongea na mtu aliye karibu:

"Manang, niliyekusemea kwa msimamizi ni mimi. Kwa uroho, si kwa huruma. Nitarudi nyumbani mwezi wa tano. Ukitaka nikurudishe, shika hapa. Ukitaka kunitesa, vilevile shika hapa. Lakini usibaki mji huu."

Mkanda wa begi ukakaza begani. Huenda aliyekuwa nyuma aliuvuta bila kujua, watu walikuwa wamebanana. Meding hakugeuka kuhakikisha. Akapanda taratibu, kama zamani, ili anayefuata asiachwe.

Chumba kilikuwa kilekile, harufu ya sabuni na chuma. Mwenzake mpya angepandia Lisbon, siku tatu mbele. Kitanda cha chini kilikuwa chake kwa haki, kwa ukubwa wa miaka ya kazi. Meding alilirusha begi lake kitanda cha juu. Akatandika cha chini, akakunja kona kama bahasha, akaondoa mkono kabla kidole gumba hakijafika. Akaweka mbegu kwenye kisahani cha sabuni, kando ya mto.

King'ora cha zoezi la kuvaa maboya kikalia, akaenda, akasimama na wenzake sitaha akihesabiwa, akarudi. Kona ya shuka hakuitazama. Alipanda ngazi ndogo macho juu, magoti yakilia kila kidato, akajilaza huku meli ikianza kutikisika chini yake.

"Tukifika Lisbon nitaongea na huyo msichana mpya," akaliambia dari. "Mpaka hapo, Manang, kitanda ni chako."