Soko Lililofungwa kwa Fagio

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alifagia soko letu tangu halmashauri ikiwa na vyumba viwili na karani mmoja, aliyekuwa pia mhasibu. Kengele ya kufungia hatukuwa nayo. Alasiri alianzia kwa wauza nyanya, akija taratibu kuelekea langoni. Fagio likigusa meza yako, unafunga. Mimi, fundi miavuli, nilikuwa wa mwisho.

"Shemeji, leo unakimbizwa na nani? Sijauza kitu."

"Hata nikilala hapa hutauza. Inua miguu!"

Kisha wakubwa wakasema mji mdogo ni ghali: watu wachache, ofisi ileile. Tukaunganishwa na manispaa kubwa. Sikatai, mabomba yalipatikana kwa bei nafuu. Lakini usafi wa miji yote alipewa mkandarasi mmoja, na gari lake likawa linakuja asubuhi, likinywa mafuta njia nzima kufuata maganda yaliyozoea mkokoteni.

Shemeji akaambiwa ahamie soko kuu la manispaa, au aache kazi. Mdogo wangu amepofuka. Anaishi kwa mkono wa mkewe na kwa mshahara wake. Mkewe akienda, mkono umeondoka. Akibaki, mshahara umeondoka.

Alibaki nyumbani kwanza, akiwaza. Jioni ya kwanza bila fagio, hakuna aliyefunga. Nani amwachie jirani mteja wa mwisho? Tulikaa mpaka giza, tukitupiana maneno.

"Funga wewe, tajiri!"

"Nianze mimi? Wajinga ndio waliwao!"

Kesho yake tulimwendea nyumbani, tukasema tutachanga, tumlipe wenyewe. Alicheka kicheko kikavu.

"Ushuru mnatoa, mkandarasi analipwa, na mimi mnilipe tena? Huo ndio urahisi tuliounganishiwa? Na mkichoka kuchanga?"

Sisi ni watu wa kuchanga msibani, si kila mwezi. Zamani labda.

Mdogo wangu ndiye aliyeamua. "Nenda, mke wangu. Mlango nitaupapasa."

Akaenda. Lori la wafanyakazi humchukua kabla jua halijatoka. Siku hizi naacha miavuli ya watu nikampelekee mdogo wangu chai, nimwongoze hadi uani. Kila jioni ananiuliza mkewe atarudi saa ngapi. Namwambia sijui. Lori huwashusha kwanza wa miji mikubwa.