Mlango Ambao Mama Milango Hakuupita

Pale kituo cha zimamoto walimwita Mama Milango. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo kama yalivyo, si kama mhandisi alivyoyaota: swichi kuu imejificha nyuma ya kabati gani, mlango upi unafunguka na upi umebaki pambo. Ramani ziliwekwa ndani ya gari la zimamoto, ili vijana wakifika penye moshi wasianze kuuliza njia kama wageni wa harusi.

Alikuwa na sharti moja: mlango asioupita kwa mwili wake, hauchori. Na mwili wenyewe haukuwa haba. Palipompitisha yeye, zimamoto na mtungi wake wa hewa angepita akipiga mluzi.

Miaka kumi na tisa alilishika sharti hilo. Akalivunja Alhamisi moja, kwa sababu ya goti.

Jengo lilikuwa la ghorofa nne, na msimamizi wake alikuwa mume wa dada yake. Walipofika ya tatu, goti likagoma.

“Ya nne ni kama hii hii, shemeji,” alisema msimamizi. “Nakili tu. Au nikubebe? Ila mgongo wangu bado nina matumizi nao.”

“Mlango wa dharura upo?”

“Upo, unang'aa. Kama nakudanganya, dada yako aninyime chakula.”

Akanakili.

Jumapili, mezani kwa dada yake, msimamizi akiwa bado kazini, dada mtu alisema huku akipakua, “Jana nilimpelekea shemeji yako funguo kule juu. Ule mlango wa dharura anaojisifia mbona sikuuona? Niliona majora ya vitambaa tu.”

Mama Milango akaweka kijiko chini. Ghorofa ya nne walishona mafundi cherehani kumi na wanane, na ramani ilikuwa iingie garini kesho yake.

Jumatatu alfajiri alipanda, akipumzika kila kona ya ngazi na kulisema goti lake maneno mazito. Akasogeza majora. Nyuma yake palikuwa na ukuta uliopakwa rangi vizuri, na juu ya ukuta kibao cha KUTOKEA, kikiwaka.

“Shemeji, mlango uko wapi?” alimuuliza msimamizi aliyempandia nyuma.

“Si huo hapo.”

“Hicho ni kibao. Nitokee kwenye kibao?”

“Ukuta niliukuta. Mimi nimekabidhiwa taa, na taa inawaka.”

Aliandika barua ukuta ubomolewe, na barua ikaanza matembezi yake ofisini. Akatafuta njia nyingine na kuipita kwa mwili wake, kisha kwenye ramani mpya akapiga mstari mwekundu na kuandika kwa herufi kubwa: MLANGO HUU NI UONGO. NJIA NI NGAZI YA NYUMA, KUPITIA CHOO CHA WANAUME. Kisha akampelekea mkuu wa kituo.

“Ile ya Alhamisi itoe. Nilinakili.”

Mkuu akamtazama. “Wewe?”

“Mimi.”

“Goti?”

“Goti.”

Mkuu akaichana ya zamani, akaisoma mpya. “Lakini maneno haya si ya kitaalamu.”

“Na ukuta ule je, afande?”

Wiki tano baadaye, saa nne asubuhi, pasi ya fundi mmoja ilisahauliwa juu ya kitambaa. Mama Milango alikuwa ofisini, simu ya upepo ikikoroma mezani kwa mkuu.

“Ngazi ya mbele moshi umeifunga,” ilisema sauti ya kijana wa zimamoto kutoka ghorofa ya nne. “Naona kibao cha kutokea. Nawapeleka huko.”

Mkuu alikuwa na nakala ya ramani mkononi. Akasoma neno kwa neno, kwa sauti ya kutoa amri: “Mlango huu ni uongo. Narudia, ni uongo. Pita choo cha wanaume.”

Walitoka wote kumi na wanane wakikohoa, na kina mama waliolalamika zaidi hawakuulalamikia moshi, bali hali ya choo. Wa kumi na tisa alikuwa msimamizi.

Jumapili dada mtu alipakua sahani mbili. Ya tatu aliiweka mbele ya mumewe tupu, safi, inang'aa.

“Uliapa mwenyewe,” alimwambia.

Mume akamgeukia Mama Milango kuomba msaada. Shemeji yake akajiongezea mchuzi. “Ukuta unabomolewa lini?”

“Kesho.”

“Basi kesho karibu chakula.”