Mabuye Manne kwa Mtu Asiye na Redio

Kabla hamjanihukumu, jueni kwamba sikuomba kazi ya unyumbakumi. Waasi walipoushika mji wa Uvira mwaka 1998, walitaka kila nyumba kumi ziwe na mtu wa kuzijibia: nani kalala wapi, mgeni gani kaingia, nani haonekani tena. Kwetu mtaa wa Kilibula wakanichagua mimi, Ngongo, muuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na ubavu wa kukataa. Kila Alhamisi nilipeleka karatasi moja ofisini kwao. Na mtu akipewa kazi ya kushuku, atashuku tu. Ilifika mahali hata paka wa jirani nilimwona ana lake jambo.

Nyumba ya saba katika kumi zangu ilikuwa ya Frédéric Niyongabo na mkewe Concilie. Frédéric alizaliwa Katogota, kule bondeni, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, mpaka vita vikakifunga. Mtu mrefu, mkimya, mpole kupita kiasi. Mimi mtu mpole kupita kiasi simwamini. Niliwaza: huyu hasira zake anazipeleka wapi?

Kilichonishtua kwanza ni mlango. Kilibula mlango haufungwi mchana. Ukifungwa, ama kuna mgonjwa ama kuna wanaogombana. Wa Frédéric ulifungwa kila siku kuanzia saa saba hadi saa kumi, na dirisha nalo likavutiwa pazia. Siku moja nikamtuma mke wangu akaombe kaa la moto. Kwa kawaida jirani anaingia hadi jikoni, anachagua kaa lake mwenyewe, wanazungumza kidogo, anatoka. Concilie alimletea kaa mlangoni juu ya kigae, akasimama pale pale kama nguzo. Mke wangu alirudi amenuna. Mimi nilirudi kwenye daftari langu.

Halafu sauti. Kuta zetu zilikuwa zimeachana hatua mbili tu, na nilipolala mchana nilisikia: tik, tik, tik, kisha krrr, kisha kimya, kisha tik tena. Halafu vifurushi. Binti yao Uwimana ameolewa Kamanyola, pale ambapo Rwanda na Burundi zote ziko karibu, na kila dereva aliyeshuka kutoka kule alileta kifurushi kidogo kimeshonwa kwa uzi. Nilikishika kimoja mkononi. Chepesi, na ndani kuna vitu vinavyogongana.

Lakini hayo yote ningeyameza. Sikuweza kumeza mabuye ya redio, yaani betri. Meza yangu sokoni inapakana na ya Safi, muuza sabuni, viberiti na mabuye. Siku moja aliniinamia.

"Papa Ngongo, ule jirani yako Frédéric, redio yake haikubebwa na basoda?"

"Askari walibeba. Minye nilikuwa pale."

"Basi mbona kila wiki ananunua mabuye mane?"

Neno moja tu likanijia kichwani. Msomaji aliyekuwa mbali na sisi miaka ile hawezi kujua neno "phonie" lilivyokuwa linatisha. Phonie ni ile redio ya kupokea na kutuma maneno. Walikuwa nayo wanajeshi, wamisionari na mashirika. Raia akikutwa nayo, basi ni jasusi wa watu wa milimani wanaopigana na waasi, na habari yake imekwisha. Mabuye manne kila wiki, hakuna redio, mlango umefungwa, sauti ya tik tik, vifurushi kutoka mpakani. Ungekuwa wewe ungewaza nini?

Nilimpa nafasi, na hili naliapia. Nilimsubiri njiani akitoka sokoni, nikamuuliza kwa utani.

"Papa Frédéric, haya mabuye uko unafanya nayo nini? Uko unakula?"

Aliangalia chini. "Iko kwa kazi kidogo tu, Papa Ngongo."

"Kazi gani?"

"Kazi ya muzee asiye na kazi." Akacheka peke yake, akapita. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nikasema moyoni, huyu ana hatia. Sikujua kwamba ilikuwa haya, haya tupu ya mtu mzima.

Wiki ile ile nyumbakumi wa avenue ya pili alichukuliwa kwa kumficha shemeji yake. Hakurudi. Alhamisi ikafika. Niliketi mbele ya karatasi, nikajiambia nitaandika ninachokijua tu, sitaongeza chumvi. Nikaandika: "Nyumba ya saba. Hana redio. Ananunua mabuye manne kila wiki. Anafunga mlango mchana. Anapokea vifurushi kutoka Kamanyola." Nilijivunia ule usafi wa maneno. Kila neno lilikuwa kweli.

Walikuja Jumamosi asubuhi, sita pamoja na komanda wao, wakanilazimisha nisimame uani niwaonyeshe nyumba. Concilie alinitazama mara moja tu, akadhani nimeletwa kwa nguvu tu. Mlango ukapigwa teke.

Juu ya meza hapakuwa na phonie. Palikuwa na kinu cha miwa cha urefu wa mkono, kimejengwa kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto, vya manjano, vyekundu na vyeusi, na magurudumu ya meno yanayokamatana. Kando yake winchi yenye kamba ya uzi wa kushonea, na trekta. Ukutani rafu nzima ya mikebe ya maziwa ya unga, kila mkebe na aina yake ya kipande: vijiti huku, meno manane kule, meno kumi na sita pale. Mhandisi mmoja Mbelgiji alipokimbia na familia yake mwaka 1991 alimwachia sanduku la mwanawe. Vilivyobaki Frédéric alivikusanya miaka tisa, kimoja kimoja, kutoka kwenye marobota ya mitumba ya Bujumbura na Kamanyola, ambako Uwimana alimchambulia. Mtu wa miaka hamsini na sita, fundi mkuu, aliyekuwa anaamkiwa na mameneja. Angesemaje barabarani kwamba anashinda akicheza?

Lakini hakuwa anacheza. Kiwanda kilikuwa kimevunjwa na wezi, mashine zikatoka kama vyuma vya kuuza, na yeye alikuwa anajenga upya kila mtambo alioutunza, ili siku kitakapofunguliwa asiwe amesahau kipi kinazungusha kipi. Hayo alimweleza komanda kwa sauti ya chini, amepiga magoti.

Askari mmoja kijana akabonyeza swichi. Mabuye manne yalikuwa ndani ya kisanduku cha mota. Magurudumu yakalia tik tik, roli tatu za kukamulia zikazunguka, na alipoingiza jani la nyasi likatoka upande wa pili limekamuliwa. Askari wakaangua kicheko. Mwingine akakimbilia nyasi zaidi. Na mimi nikapumua, jamani, nikapumua, nikasema yameisha.

Komanda hakucheka. Alikizunguka kile kinu mara mbili. "Muntu mwenye kujua kutengeneza hii," alisema, "phonie itamushinda?" Kisha akauliza: "Iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale na ulimi mzima kinywani. Ningeweza kusema: afande, nilikosea, zile sauti nilizosikia ni hizi. Sikusema. Walipiga meza teke, vipande vikamwagika sakafuni kama mahindi, wakambeba Frédéric pamoja na winchi na mota.

Alikaa kifungoni siku tisa. Concilie alipeleka chakula kila siku, na mimi nilimpa ndagala bure, naye akanishukuru. Kila aliponishukuru nilitamani ardhi inimeze. Siku ya kumi Frédéric alirudi akitembea mwenyewe, mikono imefungwa vitambaa. Walikuwa wametaka aonyeshe phonie ilipo, na kwa kila "sijui" walivunja kidole. Vilipopona vilikuwa vimepinda na vigumu. Kijiko aliweza kukishika. Kitofali cha ukubwa wa punje hakuweza.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja saa nane mchana Concilie alikuja kwangu.

"Papa Ngongo, muzee anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Minye sijui. Amesema uje weye, hapana mwingine."

Niliwaza mengi katika zile hatua chache. Amejua. Naye amepata mtu ofisini, sasa ni zamu yangu kuandikwa. Au kuna ndugu zake wa bondeni wamejificha nyuma ya pazia. Niliingia nikiangalia pembe zote. Concilie akaleta chai. Sikuigusa mpaka nilipomwona Concilie mwenyewe anainywa kutoka birika lile lile. Frédéric aliona.

Mezani palikuwa na beseni. Concilie alikuwa ameviokota vipande vyote siku ile, akavipepeta kwenye ungo kutoa vumbi, na sasa vilikuwa vimechanganyika, elfu na kitu.

"Minye niko na macho," Frédéric alisema. "Weye uko na vidole. Tuanze kwa kuchagua."

Nikachagua. Nini kingine ningefanya? Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango. Niliendelea kungoja mtego. Siku ya nne nikauliza mbona mlango hatufungi tena, akasema sasa kila muntu anajua, haya ya nini tena. Wiki ya tatu tukaanza kujenga. Yeye alikaa nyuma yangu, kidevu karibu na bega langu, akielekeza: hii humu, ile izungushe, hapana, hiyo itakwama, toa. Mimi muuza samaki nikaanza kujua kwa nini gurudumu dogo linakimbia na kubwa linajikokota. Nikaanza kukiota kile kinu. Na kadiri alivyokuwa mwema ndivyo nilivyozidi kumwogopa, kwa maana nilikuwa nimesadiki kwamba hajui, na kwamba siku atakayojua, nitakuwa nimekaa mgongo wangu ukiwa umemwelekea yeye.

Siku tuliyofika kwenye roli za mwisho sikuweza tena. Niliweka kipande chini.

"Papa Frédéric, unajua ni nani aliandika jina yako?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza kule. Walinisomea karatasi, na mwandiko wakanionyesha." Alikohoa. "Haikuwa na uongo hata mustari moja."

Machozi yalinitoka bila ruhusa, mzee mzima. "Basi kwa nini uliniita minye? Kilibula yote iko na vidole."

"Muntu mwingine angenisaidia kwa huruma," alisema, "siku tatu, ine, kisha anachoka. Weye hauwezi kuchoka. Uko na deni ambayo haiishe."

Alikuwa amenisoma kama nilivyomsoma yeye, ila yeye hakukosea. Akanyoosha kile kidole chake kilichopinda kuelekea kwenye mkebe.

"Leta ya meno kumi na sita." Nikaileta, nikaipachika kando ya roli. "Hapana hapo, Ngongo. Juu kidogo."

Nikaiweka juu kidogo.