Majivu ya Restuta

Restuta wa Michenga amelima mpunga miaka thelathini, lakini siku hizi watu wanamjua kwa kazi nyingine: anatafuta makundi ya mbu. Jua likizama anainua shingo, anatazama mbu madume wakizunguka pamoja hewani wakisubiri majike. Wakijikusanya hivyo, dawa kidogo inawamaliza wote. Donati, mwanawe wa pili, alikufa kwa malaria, na kazi hii Restuta ameishika kwa hasira.

Mwezi wa tatu Fidelis, kijana wa utafiti kutoka mjini Ifakara, alileta habari mbaya. Wakubwa wake walidhani Michenga haina makundi, na walitaka kuipeleka dawa kijiji kingine. Wangekuja Alhamisi kujionea wenyewe.

"Waje," Restuta alimjibu. "Uwanjani kwangu wapo kila jioni."

Mimi, jirani yake, niliona aibu. Wageni wakute uwanja una lundo la majivu meusi ya pumba? Alhamisi mchana, yeye akiwa shambani, nilifagia mpaka pakang'aa, na nikajisifu.

Jioni Fidelis na wageni watatu walisimama wakitazama juu. Mbu walikuja mmoja mmoja, wakapita, wakapotea. Mkubwa wao akaanza kutafuta funguo za gari.

Restuta hakubabaika. Alitazama chini, kisha akanigeukia. "Digna, majivu yangu yako wapi?"

"Nimeyatupa shimoni, dada."

"Basi subiri kidogo, Dokta," alimwambia mkubwa wao. "Nimewatazama hawa miaka mitatu. Mbu haoni mbali. Anaona doa jeusi chini na wenzake wawili watatu walio mbele yake, basi. Hakuna anayeongoza. Kila mmoja anageuka asiwapoteze hao wachache, na kundi linajiunda lenyewe. Ukiondoa doa, hawana pa kukutania."

Alikwenda shimoni, akarudi na karai la majivu, akayamwaga palepale yalipokuwa, upana wa ungo. Dakika kumi hazikuisha. Mmoja alikuja akazunguka, wa pili akamfuata, mara wakawa mamia wakichemka kama maharage juu ya vichwa vyetu. Fidelis alicheka peke yake. Mkubwa wake alirudisha funguo mfukoni, na dawa ikabaki Michenga.

Nililia kwa aibu. Restuta hakunigombeza, alinikabidhi karai tu.

"Kesho utamwaga wewe."

Tangu siku hiyo majivu namwaga mimi, na kila nikimwaga namtaja Donati.