Mwalimu Aliyesafisha Ghorofa Yetu

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha jiografia kwenye shule moja ya binafsi hapa Doha, na mada niliyoichukia kuliko zote ilikuwa utandawazi. Haikuwa ngumu. Watoto wa darasa la nane waliijua kabla sijafungua kitabu: viatu vyao vimeshonwa Vietnam, simu zimetoka China, machungwa ya chakula cha mchana yametoka Afrika Kusini. Waliorodhesha hayo upesi na kwa furaha, kisha wakaniuliza kama yatatoka kwenye mtihani.

Ghorofa yetu pale shuleni ilisafishwa na mama mmoja wa makamo, Mkenya mwenzangu kutoka magharibi mwa nchi. Tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili koridoni, harakaharaka, maana msimamizi wa wasafishaji hakupenda waongee wakiwa kazini. Siku moja, baada ya vipindi, aliingia kufuta ubao. Akasimama na dasta mkononi, akisoma nilichoandika.

"Madam, umesahau viwanda vinavyokufa," akasema. "Umeweka vile vinafunguliwa tu."

Nikacheka. Nikamuuliza amejuaje.

"Hii kitu nimeifundisha miaka kumi na moja."

Alinieleza huku akifuta. Alikuwa mwalimu wa jiografia kwenye shule ndogo ya binafsi kwao, katika eneo la miwa. Sukari rahisi kutoka nje ilipojaa madukani, kiwanda cha pale kikalegea, kisha kikafunga. Wakulima wakakosa pa kupeleka miwa, karo zikakosekana, shule nayo ikafungwa. Wakala mmoja Nairobi akamwambia kuna kazi ya shule Doha.

"Na hakunidanganya," akasema. "Si ni shule?"

Nilidhani nimepata dawa ya somo langu. Nikamwomba aje azungumze na darasa. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali, akaja saa yake ya mapumziko. Alivua glavu, akazikunja mfukoni, akachukua kalamu ya ubao. Alichora kiwanda, mashamba, barabara ya malori na soko, akaanza kufuta kimoja baada ya kingine, akieleza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Sijawahi kuliona darasa lile likitulia vile. Hata sauti yake ilikuwa nyingine. Nilikaa nyuma kama mwanafunzi, nikajua kwamba ananizidi.

Msichana mmoja akauliza kwa nini hakutafuta kazi nyingine ya ualimu.

"Nilitafuta."

Mwingine akauliza, "Lakini sasa uko sawa hapa?"

Alinitazama kabla ya kujibu. "Niko sawa."

Watoto wakampigia makofi. Kengele ilipolia alivaa glavu zake, akatoka na pipa la taka kwa sababu lilikuwa limejaa.

Wiki iliyofuata naibu wa mkuu wa shule aliniita. Mzazi mmoja alikuwa ameandika kulalamika.

"Kwa nini mfanyakazi wa usafi alisimama mbele ya wanafunzi?"

"Ni mwalimu," nikasema.

"Kwa mkataba gani?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilisema samahani, haitatokea tena. Kibali changu cha kukaa hapa kiko mikononi mwa shule hiyo, na nilikikumbuka kabla ya kumkumbuka yeye.

Siku mbili baadaye kulikuwa na mwanamke mwingine koridoni, Mnepali. Nilipomuuliza msimamizi, alisema yule wa kwanza amehamishwa. Wapi? Akainua mabega. Jioni hiyo, nyumbani kwangu Al Mansoura, niliiandikia kampuni ya usafi iliyowaajiri barua pepe ndefu, nikawaeleza kwamba kosa ni langu na kwamba mtu wao ni mwalimu hodari. Hawakujibu.

Nilikutana naye miezi miwili baadaye, Ijumaa, katika duka dogo la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ambako sisi Wakenya hununua unga wa ugali. Nilimpita kwanza bila kumjua. Uso ulikuwa umeungua na midomo imepasuka. Alisema siku hizi anaosha mabasi kwenye yadi nje ya mji.

"Na jua hili, mama?"

"Ndilo hilo hilo."

Nikamwambia kwamba niliwaandikia, nikidhani atafurahi. Akaurudisha unga kwenye rafu.

"Kumbe ni wewe? Madam, waliniita ofisini juu ya hiyo barua. Walitaka kujua nimekuwa nikilalamika kwa nani." Hakupandisha sauti. "Tafadhali, usinisaidie tena."

Nilimwomba namba yake. Aliniandikia kwenye risiti, nadhani kwa adabu tu, kisha akauchukua unga wake, akaenda kuwahi basi la kampuni linalowarudisha wafanyakazi kwenye mabweni yao Al Wakrah.

Mtihani wa muhula uliuliza faida mbili za utandawazi. Karibu wote waliandika kwamba unawapa ajira watu wa nchi maskini. Mwongozo wa kusahihisha ulikubali jibu hilo. Niliweka tiki, karatasi baada ya karatasi, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyemtaja yule mama.

Nimeifundisha mada ile mara mbili tangu wakati huo, moja kwa moja kutoka kitabuni. Mara ya kwanza nilipompigia, simu iliita hadi ikakata. Siku hizi haiiti kabisa.