Kabla ya Kuitazama Kompyuta, Muulize Mama

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na nikiikumbuka damu bado inanichemka. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa mama wa miaka ishirini na sita pale mtaani Laini Saba, nimemaliza fomu foo, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nakuandikia wewe unayesomea meno ya watoto, maana najua mashine mnazofundishiwa leo zinaishinda mbali ile niliyoiona.

Asubuhi hiyo nilimpeleka Wekesa, kifungua mimba wangu, kwenye kliniki ya meno wanakofundishiwa wanafunzi. Alikuwa na miaka saba. Jino jipya la chini lilikuwa limeota dogo, limepinda, na kando yake palikuwa na pengo ambapo hapakuwahi kuota kitu. Mgongoni nilikuwa na Nekesa, wa miezi mitano, aliyekuwa anaharisha kwa siku ya tatu. Huyo sikumpeleka kutibiwa. Dawa yake ilikuwa imeshapangwa: mama mkwe alikuwa amemwita nyanya mmoja wa Kabiro, kule Kawangware, aje jioni hiyo amchimbe meno ya plastiki.

Labda hujui ni kitu gani. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, tulimfungua mdomo, na tukiona uvimbe mweupe kwenye ufizi tulisema hayo ndiyo meno mabaya yanayommaliza. Yule nyanya alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinoa. Alichimba, akatoa kitu cheupe, laini, akatuonyesha: "Si mnaona?" Na sisi tuliona. Wekesa alichimbwa hivyo hivyo. Miguu yake niliishika mimi.

Basi pale kliniki mwanafunzi mmoja alimtia Wekesa kidude chenye waya mdomoni, na papo hapo picha ya meno ikatokea kwenye kompyuta. Wanafunzi wote wanne wakageukia huko. Mimi na mtoto tukabaki kutazama migongo.

"Maze, cheki hii. Jino hakuna kabisa."

"Ikuze kidogo. Eh, hata upande ule hakuna!"

"Hiyo ameirithi. Iko kwa familia."

"Buda, hii ni kesi ya mtihani."

Familia! Babangu anatafuna muwa mpaka leo. Nikafoka, "Nyinyi! Mtoto yuko huku nyuma, hayuko ndani ya hiyo televisheni!"

"Tulia, mathe, tunasoma picha," akasema yule mwenye waya, bila kugeuka.

Ningeweza kuwaambia kwamba alichimbwa. Sentensi moja tu. Lakini nilijua wangenicheka, na hasira ikanipa kisingizio kizuri cha kunyamaza. Hilo lilikuwa kosa langu, usidhani nimekuja kuwalaumu wao peke yao.

Mwalimu wao akaingia, daktari wa kike wa makamo. Akaitazama picha kidogo tu.

"Mama amesema nini?"

Yule mwenye waya akamwonyesha kompyuta kwa kidole.

"Nimeuliza, mama wa mtoto amesema nini?"

"Daktari, picha iko wazi..."

"Picha imewaambia jino halipo. Imewaambia limeenda wapi?"

Akavuta stuli, akakaa mbele yangu mpaka magoti yetu yakagusana. Akaniuliza kama Wekesa aliugua alipokuwa mchanga. Nikasema aliharisha. "Mkamfanyia nini? Sema tu, mama. Hata mimi nilichimbwa." Akauvuta mdomo wake wa chini kwa kidole, akanionyesha pengo.

Mwanangu, nilisema yote. Spoku, miguu niliyoishika, na miadi ya jioni ile.

Hakunikemea. Alimchukua Nekesa, akamfunua ufizi, akawaita wanafunzi waje mmoja mmoja waguse. "Hili ni jino lake la maziwa, linangoja siku yake. Ukilichimba, unaumiza na lile la ukubwani lililo chini. Kuharisha ni kwa sababu ya uchafu, maji au chakula, jino halihusiki." Kisha akabana ngozi ya tumbo la mtoto, ikachelewa kurudi. Uso ukambadilika. "Huyu amekaukiwa na maji. Wodi ya watoto, sasa hivi!" Aliyembeba mbio ni yule yule wa "tulia, mathe," nami nyuma yake, Wekesa nimemburuta mkono.

Tulilala huko siku mbili. Nyanya wa Kabiro, aliyetukosa jioni ile, aliporudi kumtafuta mtoto, nilisimama mlangoni nikamwambia hapiti. Mama mkwe alininunia miezi, mpaka siku Nekesa alipomng'ata kidole kwa jino lile lile. Wekesa yeye bado huziba mdomo akicheka, na kosa hilo ni langu.

Sasa shika nasaha yangu. Mashine jifunze, uijue barabara. Bila picha ile nisingejua nilivyomharibia mwanangu. Lakini kwanza kaa chini, umtazame mama usoni, umuulize mtoto aliugua nini na nani alimtibu. Uliza pia kama nyumbani kuna mwingine mgonjwa. Akikujibu jambo la ajabu, usicheke. Akinyamaza, usimwache, uliza tena kwa upole. Nawe mama kijana utakayesoma haya, sema. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe atalia mtoto.

Mungu akujalie mikono myepesi na masikio mapana, na watoto wakikuona na koti lako jeupe wakukimbilie, wasikukimbie.