Adui Aliyefuta Miwani

Mzee Shabani, fundi saa wa Mirongo, alifukuzwa mtaani na sinema ambayo hakuwahi kuiona.

Sisi tuliokulia Mwanza miaka ile, Jumamosi ilikuwa siku ya banda la video: mabenchi ya mbao, turubai lililotoboka, harufu ya sato wa kukaanga, na mtafsiri mwenye kipaza sauti akigeuza kila neno kuwa Kiswahili, akiongeza na ya kwake. Steringi, shujaa wa sinema, tulimshangilia kwa ngumi zake. Lakini aliyetunyima usingizi ni adui mmoja mfupi, mpole, mwenye sauti ya kuombea maji. Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa leso, akaivaa tena. Aliyetazamwa naye baada ya hapo hakuonekana tena. Leso ikitoka tu, hata mtafsiri alinyamaza. Nimeona maadui wengi tangu hapo, wenye mizinga na makovu. Hakuna aliyenitisha kama yule, maana alichofanya kabla ya kuua ni kitu anachofanya mtu yeyote.

Mzee Shabani alikifanya kutwa nzima. Miwani ya fundi saa haikosi vumbi.

"Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba, wanangu."

Mkono ukienda kwenye leso, tunapiga kelele, "Adui huyo!" na kutimua mbio hadi darajani. Mzee alicheka. Siku nyingine aliivua miwani makusudi ili tukimbie.

Siku moja rafiki yangu Masalu hakukimbia. "Mnamwogopa babu wa saa? Waoga nyie!" Mzee akafuta miwani, akamtazama, wakacheka wote wawili. Wiki ile ile malaria ilimpanda Masalu kichwani. Tukamzika.

Msibani mama mmoja aliuliza mtoto alianzaje kuumwa. Nikajibu mimi, kwa sauti nzito ya mtafsiri: "Mzee Shabani alimfutia miwani." Wenzangu wakaitikia. Hatukutaja video, tulidhani kila mtu anajua. Wakubwa wakatazamana. Kwetu, mzee akishatajwa msibani namna hiyo, keshakuwa mchawi, hapati nafasi ya kujieleza. Asubuhi kioo cha kibanda chake kilikuwa kimevunjwa. Nilipomweleza mama yangu habari za sinema, alinishika sikio, machozi yakimlenga: "Mdomo wako umeponza kichwa cha mwenzio." Akaenda kwa majirani kueleza. Walimsikiliza kwa adabu, basi. Siku ya pili Mzee alivuka ziwa na kivuko cha Kamanga.

Vijana wa leo wanatazama sinema kwenye simu. Mpwa wangu akikutana na adui anayeongea polepole, anaruka mbele. "Anko, huyu amepoa mno, hata hapigi mtu!" Namcheka, kisha namwonea wivu. Hakuna adui anayetoka naye kwenye simu hadi mtaani.

Saa ya baba ilikuwa kwa Mzee kwa matengenezo. Kabla ya kuondoka aliiacha kwa jirani, imepona, imefungwa ndani ya leso ile. Inatembea mpaka leo. Kamanga nimeuliza mara nyingi. Mmoja husema alielekea Geita, mwingine kwamba hakufika mbali. Na kama alijua ni mtoto wa nani aliyesema yale msibani, leso haikuniambia.